Shujaa Anapiga Randa

Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, serikali hutuonyesha inavyowapenda marehemu. Rais anaweka mkuki na ngao mnarani, Mkuu wa Majeshi anaweka sime, balozi mmoja analeta shada la maua kwa niaba ya wenzake, na askari mmoja mstaafu, mzee, anapewa nafasi ya kuweka shoka. Tarumbeta inalia, tunasimama, tunakaa, tunatawanyika. Kesho yake yule mzee na wenzake wanarudi kuwa watu wasio na fungu.

Nasema fungu kwa makusudi. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Haya basi. Seremala mwanamume aliyevuka miaka 65, mikono na miguu yote anayo, aliyekwenda hadi Uganda na bunduki begani, apange foleni ipi? Huyo si mwanamke, si kijana, na ulemavu wake hauonekani kwa macho ya karani.

Majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunazo na nia tunayo. Uwezo wenyewe walikuwa hawa. Mgambo wapatao 40,000 waliongezwa kwenye jeshi: wakulima, wavuvi, vijana waliokuwa hawajaoa. Vijiji vilitoa watu kama vilivyotoa ng'ombe wa kulisha vikosi. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka, na nchi nzima ikajiita mshindi.

Halafu? Halafu tukaambiwa tufunge mikanda miezi 18, na mgambo wakarudi kijijini katikati ya mikanda hiyo, sukari hakuna, sabuni hakuna. Askari wa kudumu walibaki na mshahara na, baadaye, pensheni, na ni haki yao. Mgambo waliaga, wakashika jembe, msumeno au mwiko.

Mmoja wao ni fundi mtaani kwetu. Ukitaka kumwagiza mlango, simama kulia kwake, kwa sababu sikio la kushoto lilibaki vitani Lukaya, Uganda, Machi 1979. Mbao za mninga hazinunui kwa kutazama. Anagonga ubao kwa kifundo cha kidole, anainamisha lile sikio zima, anagonga tena pembeni kidogo, kisha anamwambia muuzaji, bila hasira, "Huu bado una maji, baba. Nipe mwingine." Kwa kazi hiyo amesomesha watoto sita, mmoja sasa ni muuguzi. Vita haisimulii. Ukimuuliza atakuuliza nawe, mlango unafungukia ndani au nje?

Mtu huyu hataki tumwonee huruma, na mimi simwombei sadaka. Nadai deni lake.

Watetezi wa mambo yalivyo watanikumbusha kwamba sheria ya manunuzi ya umma imewataja wazee: asilimia 30 ya manunuzi ni ya makundi maalumu, nao wamo. Imeandikwa, kweli. Lakini lazima mzee awe kwenye kikundi kilichosajiliwa, kikundi kiwe na namba ya mlipakodi na akaunti ya benki, kisha kiombe zabuni kwenye mfumo wa NeST, mtandaoni. Kwa hiyo shule ikihitaji madawati, kazi inachukuliwa na kijana mwenye kompyuta na suti, ambaye hajawahi kushika randa, na jioni anakuja kwa mzee: "Nitengenezee 50, nitakulipa wakinilipa." Dawati la mzee, jina la mwingine kwenye hundi. Huo ndio uwezeshaji wetu.

Na nisisikie habari ya fedha. Zanzibar, visiwa visivyo na dhahabu wala almasi, ilianza kulipa Pensheni Jamii Aprili 2016: kila mkazi aliyetimiza miaka 70, shilingi 20,000 kwa mwezi wakati huo, bila kuulizwa aliwahi kuajiriwa wapi. Zilikuwa fedha kidogo, ila zililipwa. Bara, yenye migodi yake, ina sera ya wazee tangu mwaka 2003 na vibao vya "mpishe mzee" kwenye vituo vya afya ambako mzee akishapishwa anaandikiwa dawa akanunue mwenyewe.

Wengine wataguna: tukianza kuwalipa, watajitokeza mgambo bandia. Watajitokeza, ndiyo, kama wanavyojitokeza watumishi hewa kwenye kila orodha ya mishahara, na mishahara haijafutwa kwa sababu hiyo. Mgambo hawakushuka kwa parachuti. Walichukuliwa vijijini mchana kweupe, majirani wakiwasindikiza, na majirani hao wangali wanajua nani aliondoka na nani hakurudi. Afisa mtendaji akiitisha mkutano wa kijiji, kwa siku moja orodha itapatikana, na wa uongo watazomewa hadharani.

Nataka orodha hiyo iandikwe kabla ya tarehe 25 Julai ijayo. Nataka kila aliyemo apewe kadi ya bima ya afya inayolipiwa na Hazina, na kila halmashauri yenye fundi aliyepigana vita vya Kagera impe oda ya madawati moja kwa moja, kwa jina lake, bila dalali. Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule anakaribia 70, na tukiendelea na vikao na michakato, hao wote watahamia kwenye mnara, ambako serikali inajua kuwahudumia.