Tamasha la msosi si bure, tuonyesheni hesabu

Ukishakula mutura na mahamri kwenye tamasha la msosi la vijana wa kujitolea, iwe tao au Westlands, huwa unajiuliza doo ilienda wapi? Uliza tu. Si umbea.

Kuna watu hudhani kwamba mkijitolea, gharama zinapotea. Wapi! Hata kama msee wa geti hachukui senti, kuna hema na vyoo vya kukodi, jenereta, walinzi na kibali cha kaunti. Anayeshika chakula anahitaji cheti cha afya, na hicho hulipiwa upya kila miezi sita. Halafu kuna nauli. Kijana wa Kangemi au Kawangware anayeshuka tao siku tatu mfululizo hulipa matatu kutoka mfukoni mwake. Hiyo pia ni pesa ya tamasha, ila haiandikwi popote.

Ndiyo maana sikubaliani na waandaaji wanaojigamba kwamba mwaka ulipoisha akaunti ilibaki sufuri kwa sababu "hatutafuti faida". Kutotafuta faida maana yake ni kwamba hakuna mtu anayegawiwa ziada. Haimaanishi msiweke akiba. Mvua ya Aprili ikimwagika Jumamosi moja tu, pesa za kiingilio zimeenda. Bila akiba, hasara inamwangukia mama aliyelipia kibanda na kuchukua viazi soko la Wakulima kwa mkopo. Mwaka ujao hatarudi, na msimlaumu.

Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013, iliyoanza kutumika Mei 2024, inayataka mashirika yake yatoe ripoti kila mwaka. Labda kundi lenu ni dogo, halijasajiliwa huko. Sawa, lakini angalieni Dishi na County, mpango wa chakula cha shule za umma ulioanza Nairobi 2023. Mzazi analipa shilingi 5 kwa sahani, na inajulikana kwamba kaunti na Food4Education ndio wanaojazia. Kama sahani ya mtoto ina hesabu ya wazi, yenu inashindwaje?

Ukurasa mmoja unatosha: zilizoingia kwa tiketi, vibanda na wadhamini; zilizotoka; nauli za waliojitolea; na akiba ya mwaka ujao. Ubandikeni getini.

Na wewe mlaji, ukilipa kwa M-Pesa, soma jina kwenye ujumbe. Ukiona ni la mtu binafsi badala ya kundi, uliza kabla hujaagiza sahani ya pili.