Maji ya Tana Hufanya Kazi Mara Tano



Mto Tana una vituo vitano vya stima vinavyofuatana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Maji yakishazungusha mitambo ya Masinga hayatupwi. Huteremka Kamburu yakafanya kazi tena, kisha Gitaru, kisha Kindaruma, kisha Kiambere. Maji ni yale yale, na kila bwawa huyapokea vizuri kwa sababu thamani yake yajulikana.

Twauliza: je, mtu anayejenga mabwawa hupokewa hivyo?

Hesabuni miaka. Kindaruma ilianza kutoa stima 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Hiyo ni miaka 20. Kijana aliyeanza Kindaruma kwa kubeba saruji angeweza kuwa fundi mkuu Kiambere, kama kila kazi ingempokea kutoka kazi iliyotangulia. Lakini desturi ya ujenzi twaijua sote. Ukuta ukiisha, mkandarasi hufunga kambi, na kibarua hupewa mshahara wa mwisho na kuambiwa kwaheri. Kazi nyingine ikifunguliwa, husimama langoni pamoja na watu ambao hawajapata kushika sururu. Miaka yake ya kuchomelea vyuma na kumwaga zege haimo katika karatasi yo yote, na asiye na karatasi hulipwa kama mgeni.

Wengine watasema: sisi ni watu wa reli, stima yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Reli ya kutoka Mombasa mpaka Kisumu ilijengwa tangu 1896 hadi 1901. Watu zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India kuijenga, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Majina ya wakubwa yamo vitabuni. Ni nani kati yetu awezaye kutaja jina la mmoja aliyelaza mataruma? Jambo lililoanza relini ndilo liendalo kwenye stima.

Mkandarasi hujibu kwamba kazi ya kujenga lazima iishe. Ni kweli, kazi huisha. Lakini ujuzi hauishi. Na nchi hii haijamaliza kujenga. Olkaria ilianza 1981 na mtambo mmoja wa megawati 15, na tangu hapo vituo vingine vimejengwa huko huko. Stima twaitaka, kwa karakana zetu na kwa nyumba zetu. Tusilolitaka ni fundi kuanza upya kila mara.

Sheria ya Ajira ya 2007 iko upande wetu, ila wengi hawaijui. Kifungu cha 9 chasema kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba wa maandishi. Kifungu cha 37 chasema kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zinazofikia mwezi mmoja ahesabiwe kuwa mtu wa mshahara wa mwezi. Kifungu cha 51 chasema mfanyakazi anayeacha kazi, au anayeachishwa, apewe cheti cha utumishi chenye jina lake, siku aliyoanza, kazi aliyofanya na siku aliyomaliza. Asiyestahili ni yule tu ambaye hakufikisha majuma manne.

Basi, kila mwanachama mwenye ndugu, mtoto au jirani katika kazi ya ujenzi, iwe bwawa, nguzo za stima au njia ya reli, amwambie maneno haya: usiondoke kambini bila cheti chako. Ukinyimwa, usigombane peke yako. Nenda kwa chama chako, na kama huna chama, jiunge kabla ukuta haujaisha. Aliye ndani husikilizwa upesi kuliko aliyekwisha toka.

Maji ya Tana hayana mdomo, lakini hupokewa mara tano. Sisi tuna mdomo. Tuseme.

UMOJA NI NGUVU.

Mhariri