Aliyeumizwa si lazima aumize

DIRA YA JAMII
Na Mwanaidi Shekue

Kuna kauli iliyozoeleka mno kwenye semina za malezi, vipindi vya redio na hata mahubiri: mtoto aliyefanyiwa ukatili, naye atakuja kuwa mkatili. Anayeisema huwa na nia njema. Anataka mzazi aogope kupiga na mwalimu aweke fimbo chini, kwa hiyo anaikazia kwa maneno "utafiti umeonyesha". Wasikilizaji wanatikisa vichwa kukubali. Hakuna anayeuliza ni utafiti gani, ulifanyika wapi na ulihesabu nini.

Leo nauliza mimi, kwa sababu kauli hiyo inawaumiza watoto walewale tunaodai kuwatetea. Msomaji mmoja wa Tanga ameniandikia: "Dada Mwanaidi, mtoto wa marehemu dada yangu ametolewa kwenye nyumba alimokuwa akipigwa na kuchomwa moto mikononi. Nataka nimlee mimi. Mume wangu na mama mkwe wanakataa, wanasema aliyelelewa kwa kipigo atakuja kuwapiga na wanetu. Je, ni kweli?" Mtoto mwenyewe ana miaka minane. Vidonda vyake vimeanza kufunga, ila watu wazima wanamkatalia nyumba kwa sababu ya hesabu iliyosomwa kinyumenyume.

Kusoma kinyumenyume ni hivi. Mtafiti anaingia gerezani, anawauliza wafungwa wa makosa ya kujeruhi habari za utoto wao, na wengi wanasimulia mateso. Anatoka na kuandika kwamba wakatili wengi waliteswa utotoni. Hapo anaweza kuwa sahihi kabisa. Tatizo linakuja sisi tunapoigeuza kauli yake na kusema kwamba walioteswa utotoni wengi wao huwa wakatili. Wachezaji wengi wa Ligi Kuu walianzia kwenye chandimu mitaani, lakini watoto wengi waliocheza chandimu hawakufika Ligi Kuu. Yule aliyeteswa akakua, akawa fundi cherehani au muuguzi, akalea wanawe kwa upole, hayumo gerezani. Mtafiti hakukutana naye, kwa hiyo hakumhesabu.

Ukitaka jibu la haki, lazima uanze na watoto wenyewe, kisha uwafuate mpaka wakue. Ndivyo alivyofanya mtafiti Cathy Spatz Widom wa Marekani. Alichukua majalada ya mahakama ya mwaka 1967 hadi 1971 katika eneo moja la Magharibi ya Kati ya nchi hiyo, akapata watoto 908 ambao ilithibitishwa kuwa walipigwa, walidhalilishwa kingono au walitelekezwa. Halafu akafanya jambo ambalo wasemaji wengi wa semina hawalitaji: akatafuta watoto wengine 667 wa umri, jinsia, rangi na hali ya maisha inayofanana, wasio na rekodi ya mateso, ili awe na wa kulinganisha nao. Miaka kama 20 baadaye akakagua rekodi za kukamatwa na polisi kwa makundi yote mawili.

Matokeo aliyachapisha mwaka 1989 katika jarida la Science. Waliokamatwa kwa makosa ya kikatili walikuwa 11 kati ya kila 100 katika kundi la walioteswa, na 8 kati ya kila 100 katika kundi la pili. Tazama namba hizo bila haraka. Zinasema kwamba mateso ya utotoni yanaongeza hatari, na watu watatu zaidi katika kila 100 si jambo dogo, maana nyuma ya kila mmoja yupo aliyejeruhiwa. Zinasema pia kwamba watu 89 kati ya kila 100 walioteswa hawakuwa na rekodi ya kukamatwa kwa ukatili. Polisi hawakamati kila mkosaji, hilo tunalijua, lakini udhaifu huo uko kwa makundi yote mawili. Mwenye kutangaza sehemu ya kwanza ya matokeo na kuacha ya pili anamficha msikilizaji nusu ya ukweli.

Widom hakuishia hapo. Mwaka 2015, watoto wale wakiwa wazazi, alichapisha utafiti mwingine uliouliza kama wao nao wanawatesa wanao. Kwenye majalada ya mamlaka za kulinda watoto, wenye historia ya kuteswa waliripotiwa zaidi ya wenzao. Ushahidi wa watoto wenyewe ulionyesha hatari zaidi katika kutelekezwa na kudhalilishwa kingono, ila katika kipigo tofauti ya namna hiyo haikujitokeza. Aliona pia kwamba sehemu ya wingi wa ripoti inaweza kutokana na kutazamwa: mzazi ambaye mamlaka zinamfahamu tangu utoto wake humulikwa zaidi, na kosa lake halipiti bila kuandikwa. Ukishaamini kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka, utamchungulia yeye siku nzima, na la jirani hutaliona.

Utafiti mwingine unaotajwa sana ni wa madaktari Vincent Felitti na Robert Anda, uliochapishwa mwaka 1998. Waliwauliza watu wazima zaidi ya 9,000 waliopimwa afya katika kliniki moja ya San Diego kuhusu madhila ya utotoni ya aina saba, kuanzia kupigwa na kudhalilishwa hadi kuishi na mlevi au kumwona mama akipigwa. Kila aina ilipewa alama moja. Miongoni mwa wasio na alama hata moja, waliowahi kujaribu kujiua walikuwa asilimia 1.2. Miongoni mwa wenye alama nne au zaidi walikuwa asilimia 18.3. Watafiti walipokokotoa, hatari ikatoka kama mara 12, na hiyo "mara 12" ndiyo iliyosambaa duniani kote.

Ni namba ya kutisha, na ndivyo inavyostahili. Kwa waziri anayepanga bajeti, inasema kwamba afya ya akili ya taifa inaanzia kwenye malezi. Ila mtu mwenye alama nne akiisoma peke yake chumbani anaweza kudhani hatima yake imeshaandikwa. Mtu huyo ana haki ya kuambiwa pia kwamba katika kundi lake, zaidi ya 80 kati ya kila 100 hawakuwahi kujaribu kujiua. Anda mwenyewe, akiwa na wenzake, aliandika mwaka 2020 kuonya kwamba alama hizo hazifai kumpima mtu mmojammoja. Aliyepigwa mara chache na aliyepigwa miaka kumi wote wanaweza kuandikiwa alama ileile moja.

Na kupona je? Mbona hatukutangazi? Katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, watafiti Emmy Werner na Ruth Smith waliwafuata watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955, mpaka wakafika miaka 40. Karibu 200 kati yao walikulia kwenye hatari nyingi kwa pamoja: umaskini, matatizo ya kuzaliwa, ugomvi wa nyumbani, mzazi mlevi au mgonjwa wa akili. Theluthi moja ya hao, vijana 72, walifika utu uzima wakiwa watu wa kujiamini na kujali wenzao. Na wengi wa waliokuwa na matatizo ujanani walikuwa wamejirekebisha walipofika umri wa makamo. Watafiti walipotafuta siri yao, walikuta angalau mtu mzima mmoja aliyetulia na kumpenda mtoto: bibi, shangazi, mwalimu, jirani. Wengine walisaidiwa na nafasi ya pili baadaye, kama kurudi masomoni, ndoa yenye amani au jumuiya ya imani. Hayo yote yamo ndani ya uwezo wa ukoo na mtaa.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 2009 Tanzania ilifanya utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto, Chuo Kikuu cha Muhimbili kikishirikiana na UNICEF na wataalamu wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa. Vijana wa miaka 13 hadi 24 waliulizwa faraghani. Karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu robo tatu walisema walipigwa. Kama kauli ya semina ingekuwa kweli, karibu robo tatu ya kizazi hicho ingekuwa ya wakatili. Angalia nyumba za majirani zako, kisha ujijibu.

Namba hizo zilipotumiwa vizuri zilizaa matunda. Zilisaidia kuvunja ukimya na kuandaa njia ya MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto uliozinduliwa mwishoni mwa 2016. Hiyo ndiyo kazi ya takwimu za kundi: kutuambia tatizo ni kubwa kiasi gani, fedha ziende wapi na nani anaachwa. Kumtabiria mtoto mmoja aliyesimama mlangoni kwako si kazi yake, na anayezitumia hivyo anazidhulumu namba na anamdhulumu mtoto.

Kwa hiyo, dada wa Tanga, jibu langu ni hili: mchukue mtoto. Mueleze mumeo na mama mkwe hesabu hizi kwa heshima. Mpeleke hospitali, mshirikishe afisa ustawi wa jamii, na ujue kuna usiku ataota vibaya na kuna siku atakuwa na hasira. Hizo ni dalili za kuumia, nazo hutibika. Huenda mtu mzima wake mmoja ni wewe.

Kwenu watangazaji, wawezeshaji wa semina, walimu na viongozi wa dini, ninaomba jambo moja. Kabla ya kusema "utafiti umeonyesha", uliza wangapi kati ya wangapi, walilinganishwa na nani, na kama watafiti walianza na watoto au na wafungwa. Ukikosa majibu, usiitamke namba hiyo. Na sote, tukimwona mtoto anaumizwa, tupige simu 116, ni bure.