Kurekodi si kuhifadhi: Vipindi vilivyokwama ndani ya king'amuzi cha zamani

King'amuzi kimewaka taa nyekundu na hakiendelei mbele. Fundi amekizima, amekiwasha tena, kisha ametikisa kichwa. Anakushauri ununue kingine, kwa kuwa kutengeneza hiki kutakugharimu zaidi. Shida ni kwamba ndani ya boksi hilo kuna diski, na ndani ya diski kuna vipindi ulivyorekodi kwa miaka: mechi, hotuba, taarifa za habari, tamthilia aliyoipenda marehemu mama. Je, vinaweza kutolewa?

Ni swali linalozihusu kaya nyingi za Choma cha Nkola, wilayani Igunga, na kwingineko mkoani Tabora, kwa sababu ving'amuzi vilivyonunuliwa wakati wa kuhamia matangazo ya dijitali sasa vimezeeka. Jibu fupi ni hili: vingine vinatoka, vingine havitoki, na kadiri unavyochelewa ndivyo nafasi inavyopungua. Makala haya yanaeleza sababu, yanaonesha njia ya kuvitoa, na yanauliza swali kubwa zaidi: kumbukumbu ya televisheni yetu iko mikononi mwa nani?

Kutoka kwenye deki hadi kwenye king'amuzi

Zanzibar ilipata televisheni mapema, miaka ya 1970. Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994, vituo binafsi kama ITV vilipoanza, na televisheni ya taifa, TVT, ikafuata mwaka 2000. Siku hizo aliyetaka kutunza kipindi alitumia deki ya video. Aliingiza kanda, akabonyeza kitufe chekundu, na kilichorekodiwa kikawa chake. Kanda ile ungeweza kuibeba kwa baiskeli hadi kwa jirani mwenye deki nyingine na ikacheza bila kuuliza wewe ni nani.

Usiku wa Desemba 31, 2012, mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, kisha mabadiliko yakaenda mikoani hatua kwa hatua. King'amuzi kikawa lazima. Deki zikawekwa juu ya kabati, na mwaka 2016 Funai ya Japani, iliyokuwa mtengenezaji mkubwa wa mwisho wa deki duniani, ikaacha kuzitengeneza.

Baadhi ya ving'amuzi vilikuja na uwezo wa kurekodi, na viko vya aina mbili. Aina ya kwanza ina tundu la flashi, na kipindi kinaandikwa kwenye flashi yako mwenyewe. Aina ya pili ina diski ngumu ndani ya boksi. Hii ya pili ndiyo iliyotupa raha zaidi, maana unasimamisha mechi, unaenda kufungia ng'ombe, unarudi na kuendelea pale pale. Ndiyo hiyo hiyo inayotuletea shida leo.

Kwa nini diski haisomeki kwingine

Watu wengi hudhani kwamba king'amuzi kikifa, fundi atachomoa diski, ataichomeka kwenye kompyuta, na vipindi vitaonekana. Kwa ving'amuzi vingi vya kulipia haiwi hivyo. Kampuni hurekodi kipindi kikiwa kimefungwa kwa msimbo wa siri, na ufunguo wa msimbo huo uko ndani ya king'amuzi kile kile au kwenye kadi yake. Diski bila boksi lake ni kama sanduku la chuma ambalo ufunguo wake umezama mtoni.

Kuna hatari nyingine hapa. Kompyuta ikishindwa kuielewa diski hiyo, huuliza kama unataka kuifomati. Ukikubali, umefuta njia ya kuvifikia vipindi hivyo. Katika baadhi ya huduma pia, kifurushi kikiisha, hata vipindi ulivyokwisha kurekodi havifunguki mpaka ulipe tena. Na diski ikijaa, mashine nyingi hufuta za zamani zenyewe ili kupisha mpya. Kwa hiyo kipindi unachokithamini kuliko vyote, kwa kuwa ni cha zamani, ndicho cha kwanza kufutwa.

Ongeza mazingira yetu. Diski ngumu ni sahani inayozunguka kwa kasi na haipendi mtikisiko, joto, vumbi wala umeme unaokatika ghafla. Hayo yote tunayo. Diski iliyofanya kazi miaka kumi katika hali hiyo imejitahidi, na kuitegemea zaidi ya hapo ni kubahatisha.

Kama king'amuzi bado kinawaka

Ikiwa king'amuzi chako kinawaka na vipindi bado vinacheza, una nafasi. Fuata mpangilio huu.

Kwanza, acha kurekodi vipya. Usibonyeze sehemu ya kurudisha mipangilio ya kiwandani, usikubali kufomati, na kama unaweza, ahirisha kuboresha programu ya king'amuzi mpaka kazi iishe.

Pili, chukua daftari. Fungua orodha ya vilivyorekodiwa na uandike jina, tarehe na urefu wa kila kimoja. Kisha weka alama kwenye vile ambavyo huwezi kuvipata kwingine. Tamthilia maarufu pengine ipo YouTube, na goli la fainali pia. Taarifa ya habari iliyoonesha mafuriko ya kijiji chenu pengine haipo popote. Anza na hiyo.

Tatu, angalia nyuma ya boksi. Mengi ya zamani yana matundu matatu, la njano kwa picha, jekundu na jeupe kwa sauti. Waya wa matundu hayo unaweza kuunganishwa na kifaa kidogo cha kunasa video, ambacho upande wa pili huingia kwenye kompyuta kupitia tundu la USB. Unacheza kipindi kwenye king'amuzi, kompyuta inakirekodi upya. Waya wa HDMI una picha safi zaidi, lakini mara nyingi una kinga ya kunakili na kompyuta itapata giza tupu. Picha ya waya wa njano ni hafifu kidogo, ila inatoka.

Nne, panga muda. Njia hii haina mkato: kipindi cha saa moja huchukua saa moja. Saa 40 za vipindi ni kazi ya jioni nyingi, ndiyo maana daftari lile ni muhimu. Kwa nafasi, saa moja ya picha ya kawaida huchukua takribani GB 1 hadi 2, hivyo flashi ya GB 32 inaweza kubeba saa 15 au zaidi.

Tano, tengeneza nakala mbili na uziweke nyumba mbili tofauti. Flashi moja ndani ya droo moja ni diski ile ile kwa sura nyingine. Moto, mwizi au mtoto mmoja anatosha kuimaliza.

Huna kompyuta? Fundi anayehamisha kanda za harusi kwenda kwenye flashi anaifahamu kazi hii, kwa sababu vifaa ni vile vile. Mpelekee boksi lenyewe pamoja na kadi, rimoti na waya wake wa umeme. Muulize bei kwa saa, si kwa boksi zima. Na akikosekana kabisa, simu yako ikiwekwa mbele ya runinga juu ya kitu kisichotikisika, taa zikazimwa, itapata picha mbovu lakini yenye maneno na sura. Picha mbovu iliyopo ni bora kuliko nzuri iliyopotea.

Kwa wenye king'amuzi cha flashi kazi ni nyepesi. Chomeka flashi kwenye kompyuta kwanza uone kama mafaili yanacheza. Mara nyingi hucheza. Ukikuta kipindi kimoja kimekatwa vipande kadhaa, usivifute, ni namna mashine inavyogawa faili kubwa.

Na kama boksi limeshakufa? Mara nyingi kilichokufa ni sehemu ya umeme, na diski ni nzima. Mwombe fundi atengeneze umeme wa boksi lile lile badala ya kukimbilia diski. Likiwaka hata kwa siku mbili, tumia siku hizo. Anayekuahidi kuvunja msimbo wa kampuni kwa malipo ya mbele, mwogope.

Sheria inasemaje

Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA. Sheria hiyo inatofautisha nakala ya matumizi binafsi na nakala ya biashara. Kutunza kipindi ukitazame na familia yako ni jambo moja. Kukiuza kwenye flashi mnadani, au kukionesha kwa kiingilio kwenye kibanda umiza, ni jambo jingine, na hilo linahitaji ruhusa ya mwenye kazi. Msanii wa tamthilia naye anakula kwa jasho lake.

Igunga ya 2011 iko wapi?

Sasa tutoke kwenye boksi moja. Oktoba 2, 2011, Jimbo la Igunga lilifanya uchaguzi mdogo baada ya Rostam Aziz kujiuzulu ubunge mwezi Julai mwaka huo. Kwa wiki kadhaa wilaya hii ilikuwa kwenye taarifa za habari za nchi nzima. Viongozi wakubwa wa vyama walipanda majukwaani, helikopta zikaruka juu ya mashamba, na mwishowe Dk. Dalaly Kafumu wa CCM akatangazwa mshindi. Matokeo hayo yalipelekwa mahakamani.

Kijana aliyezaliwa mwaka ule leo anayasikia haya kama hadithi. Akitaka kuona kwa macho yake walioahidi barabara na maji waliahidi nini hasa, aende wapi? Magazeti yamo maktaba. Maneno ya bungeni huandikwa kwenye Hansard. Lakini picha na sauti za mkutano wa hadhara zipo kwenye makabati ya vituo vya televisheni kule Dar es Salaam, ambako mwananchi wa kawaida hana mlango wa kuingilia, au zipo kwenye boksi la mtu chini ya kitanda.

Januari 2016 suala hili liligusa taifa zima. Waziri wa Habari wa wakati huo, Nape Nnauye, aliliambia Bunge kwamba TBC itaacha kurusha mijadala yake yote moja kwa moja, kwa sababu ya gharama, na badala yake itaonesha sehemu zilizorekodiwa. Wabunge wa upinzani walipinga vikali. Mjadala ulihusu haki ya kutazama, lakini ndani yake kulikuwa na jambo jingine: matangazo ya moja kwa moja mwananchi anaweza kuyarekodi yote, ilhali yaliyohaririwa yanampa kile tu ambacho mhariri amebakiza.

Wengine walivyopoteza na walivyopata

Wakubwa nao wamepoteza. Shirika la BBC la Uingereza lilifuta kanda nyingi za miaka ya 1960 ili zitumike tena, zikiwemo za tamthilia ya Doctor Who. Mwaka 2013 ilitangazwa kuwa vipindi tisa vilivyodhaniwa kupotea vimepatikana katika kituo cha televisheni mjini Jos, Nigeria. London walifuta, Jos walibakiza. Nchini Marekani, mwanamke aitwaye Marion Stokes alirekodi televisheni nyumbani kwake kwa zaidi ya miaka 30 hadi alipofariki mwaka 2012. Kanda zake, takribani 70,000, zilichukuliwa na hifadhi ya mtandaoni ya Internet Archive.

Hapa kwetu tunao mfano mzuri wa redio. Tunaweza bado kuzisikia bendi za Tabora za zamani, kama Tabora Jazz, Kiko Kids na Nyanyembe Jazz, kwa sehemu kubwa kwa sababu Radio Tanzania Dar es Salaam iliwarekodi wanamuziki wa mikoani na kutunza kanda zao. Bila kabati lile, nyimbo nyingi zingekwisha pamoja na wazee waliozicheza. UNESCO imekuwa ikionya kwamba kanda za zamani zinaoza, na mashine za kuzichezesha zinatoweka.

Tofauti kati ya kabati la Radio Tanzania na king'amuzi cha Choma ni moja. Kanda za redio zilikuwa za taasisi yenye wajibu wa kuzitunza. Vipindi vya king'amuzi havina mwenye wajibu. Kampuni inasema ni huduma ya kutazama tu. Mtazamaji anadhani ni mali yake. Boksi likifa, wote wawili wananyamaza.

Hatua zinazowezekana hazihitaji mabilioni. Vituo vinaweza kuweka wazi taarifa zao za habari za zamani, angalau zile za mikoani. Halmashauri inaweza kuomba nakala ya vipindi vilivyorekodiwa wilayani kwake na kuvitunza pamoja na mihtasari ya vikao. Shule ya sekondari yenye kompyuta moja inaweza kuwafundisha wanafunzi kazi ya kunasa vipindi na kuviorodhesha.

Mkoa huu ulikuwa njiapanda ya misafara kati ya pwani na Ujiji, na watu wake walijulikana kwa kubeba. Livingstone alipofariki mwaka 1873, Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili wake pamoja na madaftari yake, wakapita Unyanyembe na kufika Bagamoyo mwaka 1874. Madaftari yale yanasomwa mpaka leo kwa sababu kuna waliokubali mzigo.

Basi jioni ya leo, kabla hujampa mtoto rimoti, fungua orodha ya vilivyorekodiwa. Tafuta kimoja tu kisichopatikana kwingine, ukiandike kwenye daftari, na kesho umuulize fundi bei ya saa moja.