Sokoni Wiki ya Krismasi: Twende, Tusiende?

Sisi tulioolewa Karagwe kutoka Unguja tunaulizwa kila Desemba: kwenda soko la Omurushaka wiki ya Krismasi inafaa?

Kwetu inafaa. Walio mijini wamerudi kwao, soko limefurika vitenge, viatu, mikungu ya ndizi na senene (ndiyo, tumeshazoea). Bibi harusi wa Januari, usingoje. Nyama tu tunauliza kwanza nani kachinja. Ibada yao wanaifanya kanisani. Sokoni ni bei tu.

Halafu yupo mama jirani, Mkristo, aliyetushika mkono tulipojifungua, wifi zetu wakiwa mbali. Tukijifungia ndani wiki hiyo, Idi atakuja kula pilau yetu kwa uso gani?