Teke la Bunduki Halipimi Ushujaa

Tangu nianze shahada ya uzamili hapa Morogoro, kuna maneno nimeyasikia mara nyingi mno, na sasa nimechoka kuyanyamazia. Kila ikitajwa vita ya 1914–1918, hakosekani wa kusema kwamba askari wa Kiafrika katika jeshi la Mjerumani walikuwa jasiri ila hawakuwa na shabaha: walifumba macho, wakafyatua, wakamwachia Mungu. Watu hucheka. Mimi sicheki. Huko ni kumhukumu mtu bila kuitazama bunduki aliyopewa.

Basi tuitazame. Vita ilipoanza, kampuni nyingi za jeshi lile zilikuwa bado na bunduki za muundo wa 1871. Zilitumia baruti nyeusi na risasi nene ya milimita 11, yenye uzito wa gramu 25 hivi. Risasi ya Mwingereza ilikuwa karibu nusu ya uzito huo. Risasi nzito ikisukumwa mbele, bunduki nayo husukumwa nyuma, na teke lote hutua begani. Juu ya hapo, moshi unamwonyesha adui mahali ulipojificha.

Sasa tufanye hesabu ambayo wanaocheka hawaifanyi. Tangu baruti iwake hadi risasi itoke kwenye mtutu, hupita sehemu chache tu za elfu moja ya sekunde. Kwa muda huo bunduki imerudi nyuma milimita chache, na hakuna mwili wa binadamu unaowahi kushtuka. Kwa hiyo anayeruka baada ya mlio hajaharibu kitu; risasi imeshakwenda zake. Kinachoharibu shabaha ni teke la jana. Bega linalikumbuka, linajikaza kabla kidole hakijamaliza kuvuta, mkono unausukuma mtutu chini, jicho linajifumba. Hilo humpata Mluguru, Mjerumani na Kaburu sawasawa.

Dawa yake inajulikana: kuanza na bunduki yenye teke dogo, kufyatua bunduki tupu mara nyingi, kuchanganyiwa risasi bandia na za kweli bila kujua ipi inafuata, hadi mwili uache kuotea. Hayo ni mafunzo. Kukaza roho peke yake hakufundishi bega.

Na historia yenyewe inawakana wachekaji. Novemba 1914, pale Tanga, kikosi kidogo kiliwarudisha baharini watu wapatao 8,000 walioletwa na Mwingereza, na mamia ya bunduki za kisasa zikabaki kwa washindi. Tarehe 26 Agosti 1916 majeshi ya Smuts yaliingia Morogoro. Yakaendelea kumfukuza Lettow-Vorbeck kuzunguka milima ya Uluguru, lakini Septemba, huko Kisaki, yalipigwa yakarudi nyuma. Waliolenga hapo ni kina nani, kama si askari wale wale?

Siwapambi. Walilitumikia jeshi lililozima Maji Maji kwa moto na njaa, na kwa hilo wahukumiwe. Lakini wahukumiwe kwa walichokifanya, si kwa dhihaka tuliyorithi kwa wakoloni.

Kwa sababu dhihaka hiyo haijafa. Mpe leo kijana bunduki kongwe na risasi za kuhesabu alinde msitu, akikosa shabaha ataambiwa ana moyo wa kuku. Kabla hujamcheka, muulize amefyatua mara ngapi maishani.