Nyanya Bora, Bora kwa Nani?

Ndugu msomaji, tangu nistaafu nimelisikia neno "mbegu bora" mara nyingi kuliko nilivyoisikia shikamoo. Linatamkwa kwenye maduka ya pembejeo, redioni, vikaoni na katika simu za vijana wetu. Mimi sina ugomvi na ubora. Ugomvi wangu ni na watu wanaolitamka neno hilo kisha wakanyamaza, wasiseme ni bora kwa nani, kwa ardhi ipi na kwa kazi gani. Kwao nyanya bora ni chotara mpya iliyofungwa katika pakiti inayong'aa na kuuzwa kwa kuhesabiwa punje. Nyingine zote ni za kizamani. Nilipoulizia Tanya katika duka moja la hapa Kibaha, kijana muuzaji alinitazama kwa huruma akaniambia, "Mwalimu, hizo walilima wazee." Nikamjibu kwamba mzee mwenyewe ndiye huyu aliyesimama mbele yake, na mbegu anaitaka.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Nilifundisha shule za msingi miaka 37, na miaka 15 ya mwisho nilikuwa mwalimu mkuu. Katika muda huo wote sikupata kuona mtoto akiitwa wa kwanza darasani kwa kufaulu somo moja tu. Lakini nyanya tunaitahini kwa swali moja: inatoa kilo ngapi? Ikilijibu vizuri tunaipa cheti, tunaifunga pakiti, tunaisambaza nchi nzima, kutoka Lushoto hadi Ilula, na kutoka Ilula hadi mchanga wa Pwani. Huo si mtihani.

Nilisoma chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati shamba la chuo lilikuwa darasa kama madarasa mengine. Andiko la Mwalimu Nyerere la Elimu ya Kujitegemea, lililotoka Machi 1967, lilikuwa limetutaka tufundishe kwa jembe kama tulivyofundisha kwa chaki. Mkufunzi wetu wa kilimo alikuwa na sheria moja: usiseme tuta hili limeshinda lile mpaka yote mawili yamepata udongo mmoja, samadi sawa, maji sawa na siku moja ya kupandwa. Sheria hiyo haijazeeka. Msimu uliopita niliifuata nyuma ya nyumba yangu hapa Zegereni, ambako ardhi ni ya kichanga, haishiki maji, na joto ni lile la Pwani tunalolijua.

Katikati ya Mei, masika yalipoanza kutulia, nilisia mbegu kitaluni. Katikati ya Juni nilipandikiza miche 12 ya kila aina: Cal J, Tanya, Tengeru 97, mbegu chotara moja, na tungule. Jina la chotara silitaji, kwa kuwa sigombani na kampuni. Kila shimo lilipata samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri kwa kipimo kimoja, na kila mche ulipata maji kwa kopo moja lile lile, jioni kwa jioni. Kila tunda lililochumwa lilipimwa na kuandikwa katika daftari, kama mahudhurio ya wanafunzi.

Kabla sijatoa matokeo, nieleze asili ya watahiniwa, maana asili ndiyo inayotuambia kila aina ilitengenezwa ijibu swali gani. Cal J ni ya ukoo wa nyanya za viwandani wa California, Marekani. Huko Chuo Kikuu cha California kilibuni mashine ya kuvuna nyanya, na sambamba nayo kikazalisha nyanya ya kuivumilia mashine hiyo: mche mfupi, matunda yanayoiva kwa mkupuo, nyama ngumu isiyopasuka. Katika miaka ya 1960 mashine hiyo ilienea. Tanya na Tengeru 97 ni za kwetu kwa malezi. Zilitolewa kwa wakulima mwaka 1997 kutoka kituo cha utafiti wa mazao ya bustani cha Tengeru, mkoani Arusha. Tengeru 97 ilichaguliwa pamoja na mambo mengine kwa kuvumilia minyoo fundo, wale wanaovimbisha mizizi. Ni kazi ya kusifiwa. Hata hivyo Tengeru iko chini ya Mlima Meru, ambako usiku mtu hujifunika blanketi. Tengeru si Zegereni.

Tungule haina mzazi wa maabara. Unguja na Pemba jina hilo ni la nyanya yoyote, lakini mimi hapa nalitumia kwa zile ndogo za mviringo, kubwa kidogo kuliko gololi, zinazojiotea jalalani na katikati ya mihogo, ndege akiwa ndiye mpanzi. Asije mtu akadhani naitetea kwa kuwa ni ya kienyeji. Nyanya zote ni wageni. Asili yake ni Amerika, na Wahispania ndio waliozipeleka Ulaya katika karne ya 16. Simpimi mtahiniwa kwa kabila lake.

Sasa matokeo. Swali la kwanza lilikuwa uzito. Chotara ilitoa kilo 41, Tengeru 97 kilo 34, Tanya 29, Cal J 22, na tungule 14. Ningekomea hapo, kijana wa duka angekuwa ameshinda kesi, nami ningemwamkia. Tena chotara ilishinda ikiwa na miche tisa tu, kwa kuwa mitatu ilinyauka ghafla ikiwa bado ya kijani. Nilikata shina la mmoja nikalitumbukiza katika glasi ya maji safi, na baada ya dakika chache uzi mweupe kama maziwa ukaanza kushuka. Huo ndio mnyauko bakteria. Hauna dawa ya kupuliza, na vijidudu vyake hukaa ardhini kwa miaka. Mahali hapo sitapanda tena nyanya, bilinganya, pilipili wala viazi mviringo mpaka miaka kadhaa ipite. Tengeru 97 ilipoteza mche mmoja, tungule haikupoteza hata mmoja. Na yule mdudu kantangaze, aliyeingia nchini mwaka 2014 akitokea mbali huko Amerika ya Kusini, hakubagua. Alitoboa majani ya aina zote tano, mpya na za kizamani, na kilichosaidia ni macho yangu na mikono ya wajukuu waliochuma majani yaliyoliwa na kuyafukia.

Swali la pili lilikuwa muda wa kuzaa. Cal J na chotara ziliiva karibu zote kati ya mwisho wa Agosti na katikati ya Septemba, wakati kila jirani naye alikuwa na nyanya za kugawa. Tanya ilifika mwisho wa Septemba, Tengeru 97 katikati ya Oktoba. Tungule ilikuwa bado inachumwa Desemba. Sababu yake inafahamika. Usiku ukiwa na joto linalozidi nyuzi 21 hadi 24, chavua ya nyanya nyingi hudhoofika na maua hupukutika bila kushika tunda. Nyanya ndogo aghalabu hustahimili zaidi. Mwenye familia hali kilo 41 kwa majuma matatu. Anakula nyanya mbili leo, tatu kesho, mwaka mzima.

Swali la tatu lilikuwa kukaa bila kuharibika. Hapa Tanya iliongoza kwa siku 16 juu ya kabati la jikoni, chotara 14, Tengeru 97 siku 12, Cal J 10. Tungule ilikaa siku nne tu, kisha ikapasuka na kuita nzi. Hili nalisema waziwazi, maana anayeficha alama mbaya za mtoto anayempenda hafai kuwa mwalimu.

Swali la nne lilikuwa chungu. Nilimpa mama watoto mabakuli matano yenye namba bila majina, samaki wa aina moja, nazi ya kipimo kimoja. Aliipa tungule nafasi ya kwanza, Tengeru 97 ya pili, na Cal J ya tatu kwa rojo lake zito. Tanya ikawa ya nne. Chotara aliisukuma pembeni akasema, "Baba, hii ni maji yenye rangi." Hakuwa peke yake. Mwaka 2012 watafiti walieleza katika jarida la Science jinsi uchaguzi wa nyanya zinazoiva rangi moja kote, zisizo na mabega ya kijani, ulivyopunguza sukari katika tunda bila wazalishaji kujua, kwa kuwa kijani kile cha mabegani husaidia kutengeneza utamu. Kwa miaka zaidi ya 50 walichagua uzuri wa kutazamwa na ladha ikadondoka njiani. Nasi hapa, sokoni, bado tunaitupa pembeni nyanya yenye mabega ya kijani tukiiita mbichi.

Swali la tano lilikuwa mbegu ya mwakani. Nyanya hujichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa, kwa hiyo Tanya, Tengeru, Cal J na tungule hurudi zilivyokuwa. Unachagua tunda zuri kutoka mche wenye afya, unakamua mbegu na ute wake, unaziacha siku mbili tatu zichachuke, unaziosha na kuzianika kivulini. Chotara haifanyi hivyo. Ukipanda mbegu zake unapata mchanganyiko, mmoja kama baba, mwingine kama babu, mwingine asiyejulikana. Si hila ya mtu, ni maumbile ya chotara. Lakini maana yake ni kwamba mwakani utarudi dukani, na mwaka unaofuata pia, kwa bei utakayoikuta.

Basi ni nani wa kwanza? Hakuna aina iliyoongoza katika masomo yote matano. Iliyoshinda uzito ilishika mkia katika mchuzi. Iliyoshinda mchuzi ilishika mkia katika kukaa. Kwangu mimi, mwenye bustani ya nyumbani Zegereni, Tengeru 97 ndiyo ya kutegemea na tungule ndiyo ya kula. Kwa jirani yangu mwenye jiko na friji tofauti, jibu laweza kuwa jingine.

Najua nitakachojibiwa. Nitaambiwa kwamba taifa halilishwi kwa bustani za wastaafu, na kwamba mkulima wa biashara anahitaji kilo. Ni kweli. Mtu mwenye maji ya uhakika, mtaji wa mbolea, eneo lenye usiku wa baridi na gari la kufikisha mzigo Ilala alfajiri, apande chotara, tena ahakikishe pakiti ina alama ya TOSCI asije akauziwa vumbi. Simzuii. Ninachokataa ni kuchukua jibu lake na kuwapa watu wote.

Maana hapa pana watu wanaoumia. Mwenzangu mmoja, mwalimu kama mimi, alipopata kiinua mgongo alionyeshwa hesabu katika karatasi: eka moja, miche 10,000, kila mche kilo nne, jumla kilo 40,000, zidisha kwa bei ya Februari wakati nyanya ni adimu. Kuzidisha kulikuwa sahihi kabisa. Akanunua chotara iliyosifiwa, akapanda Novemba. Joto likaja, maua yakapukutika kama mvua ya manano, na fedha ya miaka 38 ya chaki ikabaki ardhini pamoja na mipira ya kumwagilia. Nyanya huadimika Pwani mwezi wa Februari kwa sababu ile ile iliyomfilisi. Aliyemwandikia karatasi ile hakuwahi kuuliza usiku wa Kibaha una nyuzi ngapi. Mwenzangu sasa anafuga kuku kumi na anaishi kwa pensheni. Miche 12 nyuma ya nyumba yake, mwaka mmoja kabla, ingemwambia yote kwa gharama ya samadi.

Nasema basi: shule zetu zirudishe tuta la kulinganisha, maana mtoto aliyepima aina tano za nyanya kwa mikono yake hatadanganywa na karatasi akiwa mtu mzima. Watafiti wetu nao washuke Pwani. Hapa hapa Kibaha tuna kituo cha utafiti kinachojulikana kwa miwa. Tunastahili pia nyanya iliyochaguliwa kwa usiku wetu wa joto na mchanga wetu, na kazi hiyo ianze kwa kukusanya tungule kabla viwanja na viwanda havijazimaliza. Na wewe msomaji, atakayekuambia hii ndiyo mbegu bora, mwulize maswali matano, si moja. Akishindwa kujibu manne, hajui anachokiuza.

Usiache mbachao kwa msala upitao. Msala huo waweza kuwa mzuri kweli, lakini kwanza utandike sakafuni kwako uone kama unaenea. Na tungule iliyojiotea jalalani, kabla hujaing'oa, ichovye kwenye chumvi uionje.